Dawa za Miti Ziandikwe

Wanubi wa Kibera, wazao wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la King's African Rifles, wamekaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20. Na jina lenyewe kwa Kinubi maana yake ni msitu. Kwao habasoda ni dawa kama ilivyo kwetu pwani. Huko Kawangware nako gome la muthiga, ambalo Wakikuyu hulitafuna kwa kikohozi na maumivu ya jino, hukutana na mwarobaini, mti uliotujia kutoka Bara Hindi.

Elimu hii si ya kudharauliwa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika dawa pamoja na vipimo vyake, na ndiyo maana elimu yake haikuzikwa naye. Wazee wetu wangapi wamezikwa na yao? Tena wenye pupa huuchuna mti gome pande zote, nao ukafa.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imezitambua dawa za asili, lakini sheria peke yake haihifadhi elimu. Hapana budi kila mganga aandike jina la mti, sehemu itumikayo, kipimo, na dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali. Mali bila daftari hupotea bila habari.