Wokovu Si Okoa Jahazi

Nikiwa sekondari niliokoka mara saba. Sitanii. Kila mhubiri mgeni akija kwa mkutano wa CU na kuuliza, "Ukifa leo usiku utaenda wapi?", mimi huyo mbele, mkono juu, machozi tele. Wiki ikiisha nishatusi mtu, nishaibia kwa mtihani wa hesabu, na hofu imerudi. Nikiamka usiku nikute bweni kimya, nilikuwa naangalia kitanda cha jirani kwanza, isiwe Yesu amerudi akaniacha.

Wengi wetu tunaishi wokovu kama Okoa Jahazi. Unaokolewa leo, kesho unadaiwa, na kama hujalipa usirudi kuomba.

Hebu soma Yohana 10 pole pole. Yesu anasema kondoo wake anawapa uzima wa milele, na hakuna wa kuwapokonya mkononi mwake. Mkono unaoshika hapo ni wake, si wako. Mtoto akivushwa Jogoo Road na babake, hafiki ng'ambo kwa sababu vidole vyake vina nguvu. Anafika kwa sababu babake hajamwachilia.

Najua mtaniuliza, "Na Waebrania 6 je?" Swali halali. Wakristo wamebishana hapo karne nyingi. Sinodi ya Dort kule Uholanzi, 1618 hadi 1619, ilisema Mungu huwalinda walio wake hadi mwisho. John Wesley, baba wa Wamethodisti, alifunza kwamba muumini anaweza kuanguka. Lakini Wesley huyo huyo ndiye aliandika kwamba London, mwaka wa 1738, alipata uhakika kuwa Kristo ameondoa dhambi zake. Kumbe hata yeye hakutaka watu waishi kwa wasiwasi.

Na wewe unayesema "nishaokoka, wacha nijibambe": kama dhambi haikusumbui hata kidogo, mimi sina uhakika wa kukupea. Jichunguze.

Lakini wewe unayelia kila Jumapili ukidhani umefutwa, skiza. Kutubu ni kila siku, ndio. Ila tubu kama mtoto aliye ndani ya nyumba, si kama mgeni anayebisha geti upya kila wiki. Mtoto akivunja kikombe anaomba msamaha. Haombi kuzaliwa tena.