Kifaa cha Lori Kiwe Karani, Kisiwe Askari Tu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo huambiwa wenye maduka, lakini mimi naona lawafaa zaidi wenye malori. Sisi tukaao kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma twaona mali ikipotea kila siku mbele ya macho yetu, wala mwizi hayupo. Mali hiyo ni wakati. Napenda kuwaeleza wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi maoni yangu juu ya jambo hili, maana mbolea yetu, saruji yetu na hata madaftari tuandikiayo huletwa na malori haya.

Barabara hii ina historia yake. Ian Smith na walowezi wenzake walipojitangazia uhuru huko Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia mafuta na shaba yake. Malori yakashika njia ya Dar es Salaam, wakati huo ikiwa ya vumbi na matope, hata ikaitwa Njia ya Jehanamu. Dereva akishaondoka, mwenye lori alibaki kukisia tu mahali alipofika.

Leo barabara ni ya lami, na kukisia kumekwisha. Malori mengi yana kifaa kidogo kipokeacho ishara za setilaiti. Kwa mtandao wa simu, kifaa hicho humwambia mwenye gari mahali lilipo, mwendo wake, na muda liliosimama. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mfumo mmoja wa lakiri za kielektroniki kwa mizigo ipitayo katika nchi hizo. Lakiri ikifunguliwa njiani, au lori likiiacha njia yake, maofisa wa mapato walioko Nairobi, Kampala na Kigali hupata habari mara moja. Haya ni maendeleo ya kweli, na nayasifu.

Walakini nauliza: kifaa hiki chamfanyia nani kazi? Mara nyingi ni askari tu. Dereva akizidisha mwendo, chaandika. Akisimama kula, chaandika. Akichepuka, chapiga kelele. Sipingi kumzuia dereva asiue watu barabarani. Lakini lori lilo hilo likikaa siku tatu langoni mwa ghala likingoja kupakuliwa, kifaa huandika vilevile, saa kwa saa, na hapana asomaye. Mjomba wangu ni dereva. Safari moja alingoja siku nne nje ya ghala la mteja, huku akila posho aliyopewa kwa safari ya siku mbili. Aliporudi aliulizwa kwa nini amechelewa. Ushahidi wote ulikuwamo ndani ya lori alilokuwa akiliendesha, lakini hakuna aliyeufungua.

Basi maoni yangu ni haya. Kumbukumbu zimhusuzo dereva naye azione, na kila saa ya kungoja iandikwe kwa jina la aliyeisababisha. Hati zikichelewa kwa wakala wa forodha, saa hizo ni zake. Ghala likikosa wapakuzi, ni za mwenye ghala. Lori likingoja tairi jipya, ni za mwenye lori. Mkataba wa mzigo utaje tangu mwanzo kwamba baada ya muda fulani kila siku ya kungoja ina malipo yake, na dereva apate fungu lake. Subira huvuta heri, lakini subira ya foleni huvuta gharama. Mtu akijua kwamba uzembe wake utamtoa fedha, ataamka mapema.

Kazi ya pili ya karani huyu ni safari ya kurudi. Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme lori limeleta tani 30 za mbolea, yaani mifuko 600 ya kilo 50, kwa safari ya kilomita 900, kisha likarudi tupu. Tuseme kila lita moja ya dizeli yalipeleka kilomita mbili, na lita ni Sh. 3,000. Kurudi kutakula lita 450, yaani Sh. 1,350,000. Fedha hiyo ikigawanywa kwa mifuko 600, kila mfuko umebebeshwa Sh. 2,250 kwa ajili ya kusafirisha upepo! Na alipaye si mwenye lori, bali mkulima aliyenunua mfuko.

Wapo waliojaribu kuuponya ugonjwa huu. Lori Systems ilianzishwa Nairobi mwaka 2016, na huko Lagos kukatokea Kobo360, nia yao ikiwa kumkutanisha mwenye mzigo na mwenye lori kwa njia ya simu, ili mmoja asitafute gizani na mwenziwe akitafuta gizani. Tusidanganyike, hata hivyo, kwamba simu yaweza yote. Tangi la mafuta halibebi mahindi, nalo litarudi tupu. Wala simu haiwezi kuumba mzigo mahali ambapo mavuno hayajakomaa. Lakini ambapo mahindi yapo ghalani na lori tupu lapita mlangoni, ni aibu wasijuane.

Wengine watasema kwamba madalali watakosa kazi. Mimi sioni hivyo. Dalali mwema humjua mwenye mzigo mwaminifu na mwenye lori bovu, na ujuzi huo una bei yake. Tutakalo ni kwamba ujira wake ujulikane kwa pande zote mbili, usifichwe baina ya bei mbili.

Serikali nazo zina fungu lao. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, madereva walikwama kwa siku nyingi mpakani Malaba wakingoja kupimwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaleta programu ya simu ili majibu ya dereva aliyepimwa katika nchi moja yatambuliwe katika nchi nyingine. Jambo hilo latufundisha kwamba nchi zikikubali daftari moja, dereva haulizwi swali moja mara tatu. Hapa kwetu, kituo cha pamoja cha mpaka cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019 kwa nia iyo hiyo. Ingefaa basi saa za kungoja mpakani na kwenye mizani zitangazwe kila mwezi, kama matokeo ya mitihani yetu yanavyobandikwa ukutani. Anayepata alama ndogo ataona haya, na atajitahidi.

Kifaa hakijui kusema uongo, lakini mtu ajazaye hati anajua. Akiandika tani 20 penye tani 30, setilaiti haitamsahihisha. Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, msidhani kazi hii ni ya mafundi wa kompyuta peke yao. Yataka watu wajuao hesabu na jiografia, na walio tayari kuandika lililo kweli hata likiwa halimpendezi tajiri wao.

Nanyi wazazi mlio na malori, hata liwe moja tu, hamna haja ya kungoja sheria mpya. Safari ijayo itakapokwisha, mketi na dereva wenu, mfungue kumbukumbu za kifaa kile mlicholipia, mzisome pamoja. Kisha pelekeni hesabu ya siku za kungoja kwa yule aliyewangojesha.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano