Benja hakuanzia Singapore

Hadithi ya Benjamin Ayimba usiianzie kwenye ushindi wa Kenya kule Singapore. Huyo alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya raga kabla hajawa kocha. Na 2009, kule Dubai, vijana wake waliitoa Fiji wakaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji saba kila upande. Hilo tunalisahau haraka mno.

Siku ya fainali ya Singapore yenyewe, Aprili 17, 2016, nilikuwa kwa kinyozi hapa Ruiru, nusu ya kichwa imenyolewa, mchezaji wetu Collins Injera akachomoka na mpira. Mashine ikazimwa. Fiji, hao hao waliobeba dhahabu ya Olimpiki Rio miezi minne baadaye, walichapwa 30-7, nami nimekaa na kitambaa shingoni mpaka kombe likainuliwa. Kinyozi hakunitoza hata shilingi.

Sisi Rio tulimaliza wa 11, sikatai. Malaria ikamchukua Benja Mei 2021. Kijana wangu anacheza raga shuleni na Injera anamjua. Benja inabidi nimsimulie.