Tusichore Tusichokiona



Nilipokuwa kidato cha pili tuliambiwa tuchore ua. Mwenzetu mmoja alikwenda chini ya mkaratusi, nyuma ya bweni, akaokota kitawi chenye maua, akachora ua lisilo na petali hata moja. Akapata sufuri. Sisi tulionakili ua la kitabuni lenye petali tano tulipewa alama nzuri, nasi tukamcheka. Leo naona kwamba waliostahili kuchekwa ni sisi.

Mkaratusi asili yake ni Australia. Tumba lake lina kifuniko, na petali ndizo zilizoungana kukifanya. Ua likikomaa kifuniko huanguka, na stameni nyingi nyembamba hujitandaza kama brashi. Rangi tunayoiona ni ya stameni. Hata jina la kitaalamu, Eucalyptus, lililotolewa na Mfaransa L'Héritier, maana yake ni kilichofunikwa vizuri. Basi mwenzetu alichora kweli tupu.

Tutazame mti mwingine wa Australia, mgrevilea, ambao umepandwa sana hapa Uganda na katika nchi jirani. Kitabu chatuambia kwamba vifuko vya stameni hutoa chavua, na stigma huipokea. Mgrevilea una desturi yake. Kabla ua halijafunguka, vifuko humwaga chavua juu ya ncha ya kile kijiti kibebacho stigma. Kijiti kimepindika kama upinde, ncha yake imenaswa ndani ya ua. Kikifyatuka, husimama nje na chavua kichwani. Ndege ajaye kunywa mbochi, yaani maji matamu ya ua, hupakwa chavua hiyo. Baadaye, chavua ikiisha kuondoka, ncha ile ile huwa tayari kupokea chavua ya ua jingine. Iliyokuwa ikitoa sasa inapokea! Je, mwanafunzi aliyekariri tu atajibu nini akiulizwa habari za ua hili?

Australia Magharibi yuko hata mnyama mdogo, ambaye uzito wake haufiki gramu 20, aishiye kwa mbochi na chavua za maua kama ya Banksia. Hubeba chavua katika manyoya yake kutoka ua hadi ua, kama afanyavyo nyuki. Kwa hiyo umbo la ua halielezeki mpaka tujue mgeni wake ni nani.

Najua wako watakaosema, "Mtihani wataka ua la kitabuni." Ni kweli, na ua hilo tulijue sana, kwa kuwa ndilo mlango wa somo. Lakini mlango si nyumba. Anayejua majina ya sehemu bila kazi zake atapotea mara aonapo ua geni. Anayejua kazi hapotei. Hata petali zikiwa kifuniko atazitambua.

Maoni yangu ni haya. Kabla ya kufungua kitabu, kila darasa litoke uwanjani, livunje kitawi kimoja cha mti ulio karibu, kisha likae kimya nusu saa kutazama ni nyuki au ni chozi ajaye. Na ninyi wanafunzi wa zamani ambao sasa ni walimu, mnaposahihisha picha, kitawi chenyewe kiwe mezani. Msimpe mtoto sufuri kwa sababu macho yake yamekipita kitabu.

Na kama mwenzetu yule asoma gazeti hili, namwomba radhi.

Mwanafunzi wa Zamani