Gesi Dagoni: Tusitegemee Pua



Kila msimu mitungi ya gesi yazidi katika madago yetu. Zamani mpishi wa wachumaji alikuwa na mafiga matatu na mzigo wa kuni. Leo utamkuta chini ya mwembe na mtungi wa kilo 15, mpira, na jiko kubwa la kupikia wali. Mimi si mpinzani wa jambo hili. Kuni zimekuwa adimu, na mkarafuu ukikatwa kwa kuni haurudi kwa mwaka mmoja wala mitano. Serikali nayo, katika mkakati wake wa 2024 hadi 2034, yataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Walakini gesi ina adabu zake, nasi tumeipokea bila ya kujifunza adabu hizo.

Msimu uliopita, shambani kwangu, mpishi alibadilisha mtungi alfajiri. Mpira ulikuwa umepasuka pale unapoingia kwenye jiko, ukafungwa kwa kipande cha raba. Harufu hakuna aliyeisikia. Alipowasha kiberiti moto uliruka hadi chini, ukashika ukingo wa jamvi la karafuu. Mchumaji mmoja akawahi kuifunga koki ya mtungi. Mpishi aliungua mkono, na jamvi moja likateketea. Watu walimlaumu mpishi, lakini kosa lilikuwa langu: mimi ndiye niliyenunua mtungi mpya nikauacha mpira mkuukuu.

Kwa nini harufu haikusikiwa? Gesi kwa asili yake haina harufu ya kutambulikana. Hutiwa dawa inayonuka vibaya kusudi ivujapo ijulikane. Lakini dagoni karafuu zimeanikwa, makonyo yamerundikwa, na pua zimejaa. Tena pua ikikaa na harufu kitambo huizoea. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa: haipandi juu, bali hutambaa chini ikatuama mitaroni na chini ya vitanda vya vibandani. Mtu aliyesimama huenda asinuse kitu, na hatari iko miguuni pake.

Basi tusitegemee pua, tutegemee povu. Mtungi usimame wima, nje, mahali palipo sawa, mbali na majamvi na makonyo. Kabla ya kufunga regulata, tazama kama kile kiduara cha mpira kilicho ndani ya koki kipo na ni kizima. Regulata iwe ya aina inayokubaliana na koki ya mtungi ule, isilazimishwe. Mpira uwe wa gesi hasa, si wa kumwagilia maji, nao ukazwe kwa klipu pande zote mbili, si kwa waya wala raba. Ukiukunja ukaona nyufa, utupe.

Kisha funga koki zote za jiko, na moto wowote uwe mbali. Fungua koki ya mtungi polepole. Koroga sabuni ya kuoshea vyombo na maji mpaka ipatikane povu, upake kwenye koki, kwenye regulata, mpira wote, na maungio ya jiko. Tazama kwa utulivu. Mapovu yakifura, gesi yavuja: funga mtungi, kaza au badilisha kilichoharibika, upime tena. Kama chavuja koki yenyewe ya mtungi, usikichokoe. Uache mtungi nje mbali na moto na watu, umwite wakala auchukue. Usipime kwa kiberiti hata siku moja. Na kila mtungi ubadilishwapo au uhamishwapo, upimaji uanze upya.

Wakati wa kuwasha, njiti itangulie, gesi ifuate. Wakati wa kuzima, ifungwe kwanza koki ya mtungi, gesi iliyomo mpirani iishe kwa kuungua, ndipo lifungwe jiko. Na mvua ikinyesha, mtungi usikimbiziwe kibandani wanamolala watu.

Wapo watakaosema kuwa wachumaji wana njaa na hapana nafasi ya mambo ya sabuni. Nawajibu kuwa kupima kwamaliza dakika chache, na hata birika la chai huchukua zaidi ya hapo kuchemka.

Rai yangu ni mbili. Kwanza, mwenye shamba apime kwa mkono wake mwenyewe, au ahakikishe mpishi amefundishwa mbele yake. Asimwachie kijana aliyekuja jana. Pili, Jumuiya yetu itenge siku moja katika kila tawi kabla ya msimu, mtungi uletwe, na wanachama waonyeshwe. Twajua kuwahesabia wachumaji pishi zao bila ya kukosea. Yafaa tujue pia kuwarudisha makwao wazima.

Tahadhari kabla ya hatari.

Mwanachama mwenzenu, Pemba