Aliyekuambia Weusi Ni Doa Ni Nani?



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili sitaanza na somo la Dominika. Nitaanza na vichupa. Fedha ya kahawa imeingia mifukoni, na hapa Mbinga mjini, kama ilivyo kule ufukoni Mbamba Bay na Lituhi, fedha hiyo ikishalipa ada na mbolea, sehemu yake huishia katika vichupa na makopo ya kung'arishia ngozi. Mkorogo, kwa jina lake la mtaani.

Nayaandika haya kwa uchungu, wala si kwa sababu ya lolote nililolisikia katika kitubio. Ya kitubioni yamefungwa. Nayaandika kwa sababu ya kijana mmoja aliyefika na mchumba wake katika mafundisho ya ndoa. Nilipomwuliza amempendea nini, alijibu mbele yake bila haya: "Padre, nilimwambia ajing'arishe kidogo, sasa amependeza." Binti akainama, akatazama vidole vyake. Uso ulikuwa mwekundu kama wa mtu aliyebabuliwa na jua. Vifundo vya vidole vilikuwa vimebaki vyeusi, kama alivyovipokea kwa mama yake. Vijana wana msemo wao, Fanta usoni Coca miguuni, nao huangua kicheko. Siku ile sikuona cha kucheka.

Wahubiri wengi, nami nimo, tumezoea kulijibu jambo hili kwa sentensi moja: uzuri wa kweli ni wa ndani. Ndugu zangu, nimeanza kuichoka sentensi hiyo. Si kwamba ni uongo, bali tunaitumia kama pole ya msibani. Inamwacha binti na hukumu ileile aliyokuja nayo: usoni wewe si mzuri, basi jitafutie uzuri mahali pengine pasipoonekana. Ni kumwambia aliyeibiwa ng'ombe kwamba kamba bado anayo.

Tena tunaisingizia Biblia. Kila mtu anakikumbuka Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16, aya ya 7, pale Bwana anapomfundisha Samweli kwamba wanadamu hutazama sura na yeye hutazama moyo. Sawa kabisa. Lakini someni mpaka aya ya 12. Daudi anapoingia kutoka machungani, mwandishi haoni aibu kutuambia kwamba kijana huyo alikuwa na macho mazuri na sura ya kupendeza. Mungu hakuuchagua moyo kwa kuudharau uso. Aliviumba vyote viwili.

Na katika Wimbo Ulio Bora, sura ya 1, aya ya 5, bibi arusi anajitaja kuwa mweusi na mzuri. Au je, ni mweusi lakini mzuri? Kiunganishi cha Kiebrania chaweza kubeba maana zote mbili. Tafsiri ya Kigiriki ya wale Sabini iliweka "na"; Mtakatifu Yeronimo, katika Kilatini, akaweka "sed", yaani "lakini". Simlaumu mtakatifu huyo, alikuwa na kazi kubwa kuliko yangu. Ila hiyo "lakini" imetufuata mpaka vibarazani mwetu. "Ni mweusi lakini ana sura nzuri." "Mtoto amefuata weusi wa baba, lakini ana akili." Watoto wanatusikia, ndugu zangu, hata tukidhani wanacheza.

Bwana Mungu alipomkuta Adamu amejificha, alimwuliza ni nani aliyemwambia kuwa yu uchi. Mtu hazaliwi akiuonea haya mwili wake, kuna aliyemwambia. Nami nauliza: binti yetu aliambiwa na nani? Aliambiwa na huyo mchumba. Aliambiwa na shangazi aliyemsifia mwenzake kuwa "amekuwa mweupe, maisha yamemkubali." Na sisi wa Kanisa tulimwambia pia, bila kufungua kinywa. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walikuja na picha za kwao, na Bavaria watu huchora nyuso za Bavaria. Hawakukosea kumpenda Kristo kwa sura waliyoizoea. Lakini zaidi ya miaka 100 imepita, na sebuleni mwetu bado malaika wote ni weupe na shetani peke yake ndiye mweusi. Nyumba ya paroko haikusalimika. Nimeikagua.

Sasa tumtazame Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869, akatekwa angali mtoto, akauzwa mara kadhaa. Katika nyumba ya afisa mmoja wa Kituruki alichanjwa mwilini kwa wembe, na majeraha yakasuguliwa chumvi ili makovu yasifutike. Sikilizeni sababu: yalikuwa mapambo. Mtumwa alipambwa kwa heshima ya mwenye nyumba. Ngozi yake haikuwa yake. Ilikuwa ubao wa kuandikia matakwa ya mwingine. Alibatizwa Italia tarehe 9 Januari 1890, akawa sista Mkanosiani, akatumika miaka mingi huko Schio, ambako wenyeji walimwita Mama wetu Mweusi, na hapo akafariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Makovu alizikwa nayo.

Bakhita alishikwa kwa nguvu. Sisi tunakwenda dukani kwa miguu yetu, tunalipa, tunajisugua wenyewe ili tuendane na macho ya mwingine. Na kinachosuguliwa si chumvi. Zebaki, ambayo imepigwa marufuku nchini kwetu katika vipodozi, hupenya ngozi na kudhuru figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka ya kibuluu palepale palipotafutwa weupe. Krimu zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, hata kidonda kidogo kikachelewa kupona.

Na kuna jambo linaloninyima usingizi. Nchi hii, ambamo kuanzia miaka ya 2006 na 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa ushirikina, ndiyo hiyohiyo inayonunua weupe wa kopo. Ndugu hao huomba kofia na mafuta ya kuzuia jua, kwa kuwa miili yao ina upungufu wa ile rangi ya asili iitwayo melanini, na wengine hufa kwa saratani ya ngozi wangali vijana. Sisi tuliopewa kinga hiyo bure tunalipa ili tuivue. Aliyezaliwa mweupe tulimwinda, aliyezaliwa mweusi tunamchubua. Ni ngozi ya nani basi itakayotupendeza?

Mkitaka kujua naona uzuri wapi, nendeni mwezi wa Machi mkatazame milima ya Umatengo wakati wa ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba. Wanawake huchimba katikati ya mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo, mpaka mteremko mzima unakuwa kama sega la asali. Maji ya mvua hutulia mashimoni na udongo haukimbii. Wageni husimamisha magari na kupiga picha. Mikono iliyochimba haimo pichani.

Nilimpelekea bibi mmoja wa huko Mpako wa Wagonjwa. Kanisa hupaka mafuta paji la uso na viganja. Vyake vilikuwa vimepasukapasuka kwa jembe, na mafuta yaliingia kwanza katika mipasuko kabla ya kuenea. Nilipomaliza, mjukuu wake, msichana wa sekondari, alivishika viganja hivyo, akakaa navyo mpaka nilipoondoka.

Mafundisho ya ndoa yanaendelea Jumamosi saa nne asubuhi. Wachumba wa kiume waje nusu saa kabla. Nina neno nao.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu