Kabla ya Kununua Darubini, Uliza Swali Hili

Ukipanda gari Voi hadi Wundanyi, kisha ukaendelea hadi Mwanda, utajua kwa nini huko sweta si pambo. Lakini ukungu ukiondoka usiku, utaona nyota ambazo mtoto wa Nairobi hajapata kuziota. Huko ndiko nilikokwenda na mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, tukiwa na darubini iliyomaliza akiba ya mwaka mzima. Tulirudi bila picha hata moja.

Kosa lilikuwa letu. Kijitabu kilituambia tuelekeze kitako cha darubini kwenye Nyota ya Kaskazini. Tuliitafuta mpaka shingo zikauma. Kumbe Mwanda iko kusini ya ikweta, na nyota hiyo haichomozi huko kamwe!

Siri ni hii. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa. Ukiiacha kamera wazi nusu dakika tu kwenye darubini isiyozunguka, nyota huwa vistari. Kwa hiyo kitako chenye mota huizungusha darubini kinyume cha dunia, na mhimili wake sharti uwe sambamba na mhimili wa dunia. London huinuliwa zaidi ya digrii 50. Mwanda huinuliwa digrii 3 na kitu, ukielekea kusini; karibu ulale kabisa. Vitako vingi havishuki hivyo. Basi muulize muuzaji: kitako hiki hushuka hadi digrii ngapi? Sisi hatukuuliza.

Baada ya hapo, darubini ndogo yenye kamera yake hufungwa juu ya ile kubwa. Huikodolea macho nyota moja. Ikisogea kidogo tu, kompyuta huiamuru mota irekebishe. Ndipo waweza kupiga picha 60 za dakika mbili mbili, kisha kompyuta ikazipachanisha kuwa picha moja.

Huna pesa hizo? Usife moyo. Azima kamera yenye lenzi ya milimita 50, isimamishe juu ya miguu mitatu, uiache wazi sekunde 5. Chagua usiku usio na mwezi, mwezi wa Januari, uilenge Kilimia, zile nyota ambazo wazee walizitazama kujua majira ya kulima. Mwanga utakaounasa ulianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593!

Mpwa wangu alifanya hivyo kwa kamera ya kuazima. Macho huona nyota sita au saba. Picha yake ilikuwa na nyingi zaidi. Nyanya yake aliishika karibu na taa, akahesabu kwa kidole, akaacha. "Na miaka yote hii," akasema, "nilidhani nakijua Kilimia."

Wazazi, anzeni hapo. Darubini itangoja.